Umbali Hulichuja Tetemeko

Jumatano ya Agosti 12, 2020, saa mbili na dakika 13 usiku, nilikuwa sebuleni kwa binamu yangu Upanga, ghorofa ya saba. Taarifa ya habari ndiyo kwanza imepamba moto. Taa ya kuning'inia ikaanza kwenda na kurudi kama iliyosukumwa na kidole, maji kwenye jagi yakacheza, shemeji akashika meza kwa mikono miwili, midomo inasoma dua. Tukashuka ngazi peku. Getini tukamkuta mlinzi kwenye kiti chake cha plastiki, redio sikioni, anatushangaa. "Mnakimbia nini, wazee wangu?" Yeye alisikia kibanda kikitikisika kidogo, akadhani lori la mchanga limepita. Tukabishana pale chini karibu nusu saa: sisi tukimwona hana hisia, yeye akituona waoga.

Kesho yake tukajua kwamba ukubwa ulikuwa kama 6 na kitovu kilikuwa baharini, kusini mashariki mwa jiji, chini ya kilomita 100 kutoka tulipokuwa. Mjadala wa vijiweni ukafungwa kwa maneno mawili: lilikuwa mbali. Tunayasema maneno hayo kila mara, kana kwamba umbali ni blanketi linalofunika kila mtikisiko kwa usawa, ukienda mbali zaidi umefunikwa zaidi. Ndiyo maana hakuna aliyejiuliza kwa nini mlinzi na sisi, tuliotengana kwa mita ishirini na kitu tu za kimo, tulipata matetemeko mawili tofauti.

Nadhani tumeuelewa vibaya umbali. Unapunguza, hilo ni kweli, lakini unapunguza kwa kuchagua. Kuna mitikisiko unayoimaliza njiani na kuna mingine unayoiacha ipite karibu mizima mizima, na hii inayopita ndiyo isiyoelewana na majengo tunayoyashindania sasa Dar es Salaam, Nairobi na Dodoma.

Tuanze na sehemu rahisi. Kijiko kimoja cha samli ukikipaka kwenye chapati ndogo, inang'aa. Kijiko hicho hicho ukikipaka kwenye chapati ya upana wa sinia, utaambulia harufu. Samli haijapungua, imetandazwa. Mawimbi ya tetemeko hufanya vivyo hivyo: yanatoka kwenye kiini chini ya ardhi, yanapanuka pande zote, na kila yakipanuka sehemu inayomfikia mtu mmoja inakuwa nyembamba. Kwa mawimbi yanayopita ndani ya ardhi, umbali ukiongezeka mara kumi kimo cha wimbi kinabaki moja ya kumi. Kuna mawimbi mengine yanayotambaa juu ya uso wa ardhi. Haya hutandaa kwa upana tu wala hayateremki kwenda chini, kwa hiyo umbali huo huo wa mara kumi unayaacha na karibu theluthi ya kimo chake. Kwa tetemeko ambalo kiini chake hakiko chini sana, ukifika mbali utakuta yanayotambaa ndiyo yanayotawala.

Sehemu ya pili ndiyo inayopuuzwa. Mwamba hausukumwi ukarudi bila kutoza kitu. Kila wimbi linapoubana na kuuachia, chembe zake husuguana na nguvu kidogo hugeuka joto. Fikiria lori la mahindi linalopita kwenye mageti ya ushuru wa mazao, na kila geti linachukua sehemu ndogo ya mzigo uliobaki. Jambo la kuangalia ni kwamba ushuru huu hautozwi kwa kilomita. Unatozwa kwa kila mzunguko wa kwenda na kurudi. Wimbi linalotetema mara tano kwa sekunde hukutana na mageti mengi sana katika safari ile ile ambayo wimbi la polepole, linalochukua sekunde tano kwenda na kurudi mara moja, hukutana na machache tu.

Piga hesabu nami. Mawimbi ya pili, yale yanayoutikisa mwamba upande kwa upande, husafiri kama kilomita 3.5 kwa sekunde ndani ya gamba la dunia. Kilomita 200 huyachukua sekunde 57. Wimbi la haraka litakuwa limejikunja na kujikunjua mara 285 hivi, na lile la polepole mara 11. Katika ardhi iliyopasukapasuka na yenye joto, kila mzunguko hutoza kama asilimia 1.6 ya kimo. Toa asilimia 1.6, kisha tena, kisha tena mara 285, na linalobaki ni asilimia moja. Limekwisha. Wimbi la polepole limelipa mara 11 tu, na bado lina zaidi ya asilimia 80 ya kimo chake, ukiacha ule upungufu wa kutandazwa. Hesabu halisi ina mikunjo zaidi, maana kiwango chenyewe cha ushuru hubadilika kidogo kulingana na wimbi linatetema mara ngapi kwa sekunde, lakini sura yake ndiyo hiyo.

Aliyelala mtaa wa tatu kutoka kwenye harusi anaijua hali hii bila hesabu. Mwimbaji amepotea njiani, vinanda vimepotea njiani, ila dundo la besi linafika hadi kitandani na kutikisa vioo vya dirisha.

Sasa turudi kwa mlinzi. Kila jengo lina mwendo wake, kama bembea. Kanuni ya mafundi, isiyo kamili lakini inayosaidia, ni kukadiria sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa kila ghorofa. Nyumba ya chini huenda na kurudi kwa sekunde 0.1 au 0.2. Jengo la ghorofa 20 huchukua kama sekunde mbili. Bembea ukiisukuma kwa mwendo wake yenyewe, hata kwa mkono wa mtoto, inapanda. Ukiisukuma nje ya mwendo wake, unajichosha. Mitikisiko ya haraka ndiyo inayosukuma kibanda cha mlinzi, na sehemu ya hiyo ilikuwa imeshalipa ushuru kabla ya kufika Upanga. Ile ya polepole zaidi ilifika na kutukuta sisi juu. Hakuna aliyedanganya usiku ule.

Kiwango cha ushuru hutegemea ardhi, na hapa ndipo penye utamu wa somo lenyewe. Mama anayenunua chungu sokoni hakiangalii tu, anakigonga kwa kifundo cha kidole. Chungu kizima hulia, sauti inakaa. Chungu chenye ufa kinasema "tu" na kunyamaza, hata kama ufa wenyewe hauonekani kwa macho. California ni chungu chenye ufa. Gamba lake lina joto na limekatwakatwa na nyufa nyingi, na mawimbi hunyamaza haraka. Mashariki mwa Marekani ni mwamba wa kale, baridi, uliotulia, na unalia.

Agosti 23, 2011 tetemeko la ukubwa wa 5.8 lilipiga karibu na mji mdogo wa Mineral, jimbo la Virginia. Lilisikika kuanzia Georgia hadi Kanada, na inaaminika kuwa hakuna tetemeko lililosikiwa na watu wengi zaidi katika historia ya Marekani. Mnara wa Washington, kilomita 135 hivi kutoka kitovuni, ulipata nyufa na ukafungwa kwa wageni hadi Mei 2014. Miaka saba kabla ya hapo, Septemba 2004, California ilikuwa imepata tetemeko la ukubwa wa 6.0 pale Parkfield, yaani kubwa kidogo kuliko la Virginia, na eneo lililolisikia lilikuwa dogo kwa mbali.

Jambo hili linagusa hata namba tunayoitangaza redioni. Charles Richter alipobuni kipimo chake mwaka 1935, kazi ngumu ilikuwa kujua mawimbi yanafifia kiasi gani kwa umbali. Bila kujua hilo, mashine iliyo karibu ingesema tetemeko ni kubwa na iliyo mbali ingesema ni dogo, na zote zingekuwa zinasema juu ya tetemeko moja. Akaweka alama: mashine ya aina fulani iliyo kilomita 100 kutoka kitovuni ikichora wimbi la milimita moja, hilo ni tetemeko la ukubwa wa 3. Kisha akatengeneza jedwali la masahihisho kwa umbali mwingine wote. Jedwali lile lilipimwa California, kwenye chungu chenye ufa. Ukilichukua kama lilivyo ukaja nalo kwenye mwamba wa kale wa Tanzania, utakosea, kwa sababu huku wimbi linafika likiwa kubwa kuliko jedwali linavyotarajia na wewe utadhani tetemeko lilikuwa kubwa kuliko lilivyokuwa. (Kwa matetemeko makubwa wanasayansi walishahamia kipimo kingine, kilichotokana na kazi ya Thomas Hanks na Hiroo Kanamori mwaka 1979. Watangazaji wetu bado wanasema "kwa kipimo cha Richter". Nimeacha kuwasahihisha, koo limekauka.)

Kati ya mwaka 1994 na 1995 watafiti walitandaza vituo 20 vya kupima mitetemo nchini Tanzania, na kutokana na kumbukumbu hizo Charles Langston na wenzake wakachapisha mwaka 1998 jedwali linalotufaa sisi. Walikuta mawimbi yanafifia taratibu kuliko California. Haishangazi ukiitazama ramani. Bonde la Ufa limegawanyika mikono miwili, wa magharibi na wa mashariki, na katikati yake kuna bamba la mwamba lenye zaidi ya miaka bilioni 2.5, nene na baridi, ambalo ufa umelizunguka kwa kushindwa kulipasua. Kingo zinavunjika na katikati ni chungu kizima. Tetemeko likitokea kingoni, katikati hulia.

Rudia hesabu yetu kwa ardhi kama hiyo. Tuseme ushuru ni robo ya ule wa kwanza, asilimia 0.4 kwa mzunguko. Wimbi la haraka, baada ya mizunguko 285, linabaki na theluthi ya kimo badala ya asilimia moja. Umbali ni ule ule wa kilomita 200. Mtu anayesoma kitabu cha California na kujisemea "niko kilomita 200, niko salama" amekosea kwa zaidi ya mara thelathini.

Ushahidi tunao. Desemba 5, 2005, saa tisa na dakika 19 alasiri, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea chini ya Ziwa Tanganyika. Kalemie, upande wa Kongo, nyumba zilianguka na watu wakafa. Nairobi, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapo, wafanyakazi walishuka mbio kutoka kwenye majengo marefu ya katikati ya jiji. Mawimbi ya kwanza yalitumia zaidi ya dakika mbili kufika. Kwa muda huo mfanyakazi angeweza kufunga kompyuta, kuchukua mkoba na kumwaga chai iliyobaki, kama angekuwa na wa kumwambia.

Sumatra, kisiwa cha Indonesia, nayo ituonyeshe mfano wa mwisho kabisa wa uchujaji huu. Alfajiri ya Desemba 26, 2004 sote tunaikumbuka kwa sababu ya tsunami, maji yaliyofika pwani yetu mchana wake na kuua. Ambacho wachache wanakijua ni kwamba ardhi yenyewe ilitangulia. Kama nusu saa baada ya mpasuko, mawimbi yanayotambaa yalikuwa yameshapita chini ya vitanda vyetu, na watafiti walikokotoa kwamba hakuna mahali duniani ambapo ardhi haikusogea angalau sentimita moja. Sentimita nzima, na hakuna aliyeamka. Njia ya maelfu ya kilomita ilikuwa imekwisha kuyala mawimbi yote ya haraka, yakabaki ya polepole kiasi kwamba mtu, kitanda na nyumba vilipanda na kushuka pamoja kama mtumbwi juu ya bahari shwari.

Umbali una tabia nyingine moja, nitaipitia haraka. Unaondoa kimo lakini unaongeza muda. Mawimbi hugonga mipasuko na mishipa ya miamba, yanapotea njia, mengine yanafika yamechelewa kama wageni wa mwisho kwenye shughuli. Kwenye kiini mpasuko wa tetemeko la ukubwa wa 6 unaweza kuisha ndani ya sekunde chache, lakini kilomita 300 kutoka hapo mashine zinachora kwa dakika nzima na zaidi. Mjapani Keiiti Aki alionyesha mwaka 1969 kwamba huo mkia wa mawimbi yaliyochelewa, ambao wengine waliuona kama takataka, unaeleza mengi juu ya ardhi ulikopita. Jengo refu halipendi muda mrefu. Bembea hupandishwa na misukumo mingi.

Kama ningetakiwa kuchagua mji mmoja wa kufundishia haya yote, ningechukua Mexico City, kwa sababu maumbile yaliufanyia mji ule mtihani mara mbili katika tarehe moja. Septemba 19, 1985 tetemeko la ukubwa wa 8.0 lilitokea pwani ya Michoacán, kilomita 350 na ushee kutoka mjini. Kwa kanuni ya "mbali", mji ulipaswa kupona. Na kweli, Chuo Kikuu cha UNAM kilichojengwa juu ya mwamba wa volkano mashine zilipima mtikisiko wa wastani. Lakini katikati ya mji wa kale pamekaa juu ya ziwa lililokaushwa, tope la mfinyanzi lililojaa maji, na tope lile lina mwendo wake wa bembea: sekunde mbili. Umbali ulikuwa umechuja ya haraka na kuleta ya polepole, tope likayapokea na kuyakuza. Kituo cha wizara ya mawasiliano, kilichokuwa juu ya tope, kilipima msukumo wa karibu mara tano ya ule wa chuo kikuu, na mji ukawa unakwenda na kurudi kila sekunde mbili kwa zaidi ya dakika moja. Yaliyoanguka zaidi ni majengo ya ghorofa 6 hadi 15. Maelfu ya watu walikufa, na hesabu kamili inabishaniwa hadi leo. Nyumba nyingi za chini, hata za hovyo, zilibaki zimesimama.

Miaka 32 baadaye, siku ile ile ya Septemba 19, mwaka 2017, tetemeko la ukubwa wa 7.1 lilitokea kilomita 120 hivi kutoka mjini. Lilikuwa dogo kwa nguvu lakini karibu zaidi. Safari fupi, mageti machache, kwa hiyo mawimbi ya haraka yalifika yakiwa hai. Safari hii yaliyoanguka mengi yalikuwa mafupi kuliko ya 1985, ya ghorofa chache, na mitaa iliyoumia ilikuwa pembezoni mwa ziwa la kale ambako tope ni jembamba na mwendo wake ni wa haraka kidogo. Mnara wa Torre Latinoamericana, ghorofa 44, uliojengwa miaka ya 1950 na wahandisi waliolijua tope walilolikalia, ulibaki umesimama mara zote mbili. Kwa hiyo sisemi tusijenge marefu. Kosa ni kujenga bila kujua bembea yako na bembea ya udongo wako zinafanana kiasi gani.

Na sasa Kagera, ambako watu walinisomesha kinyume chake. Jumamosi ya Septemba 10, 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa, nyumba za matofali ya udongo zikalala chini, sekondari za Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya. Lilisikika Uganda, Rwanda, Burundi na Kenya. Shirika la Jiolojia la Marekani lilikadiria kina chake kuwa kilomita 40, na jambo hilo halikusemwa vya kutosha. Kitovu ni alama tu juu ya uso wa ardhi. Mtu aliyesimama juu ya kitovu chenyewe alikuwa bado kilomita 40 kutoka mpasuko ulipotokea. Umbali wa kwenda chini nao ni umbali. Linganisha na tetemeko la Bukavu na Rusizi la Februari 3, 2008: ukubwa ule ule wa 5.9, kina cha kama kilomita 10, makumi ya watu wakafa, wengi wao upande wa Rwanda. Si kina peke yake kilichoamua, lakini Bukoba ilikingwa kwa kiasi fulani na kilomita 30 za mwamba ambazo hakuna aliyezishukuru. Upande wa pili wa mzani ni kwamba mwamba huo ni mgumu na wa kale, kwa hiyo mawimbi ya haraka yaliyopanda kutoka kule chini hayakupunguzwa vya kutosha, yakakuta nyumba za chini zisizo na nondo. Hapo yaliyoua yalikuwa mawimbi ya haraka.

Kwa hiyo tuna hatari mbili, na tunazipa ushauri mmoja wa "jengeni nyumba imara". Aliye karibu na ufa, Kagera, Rukwa, Kigoma, Kivu, anahitaji mkanda wa zege juu ya kuta na paa lililofungwa, kwa sababu adui yake anakuja haraka na kugonga chini. Aliye mbali, kwenye mnara wa Dar au Dodoma, anahitaji mtu wa kumwambia jengo lake linachukua sekunde ngapi na udongo ulio chini yake unachukua ngapi. Huyu wa pili hakuna anayezungumza naye, maana alishaambiwa yuko mbali.

Najua jibu nitakalopewa: nchi ina mafuriko kila mwaka, matetemeko makubwa ni ya mara moja kwa karne, acha kututisha. Ni jibu la haki. Tetemeko kubwa kuliko yote ya karne iliyopita Afrika Mashariki, lile la Rukwa la Desemba 13, 1910 lenye ukubwa unaokadiriwa kuwa 7.4, lilikuta nchi isiyo na ghorofa za kuangusha, na ndiyo maana hatuna hadithi zake. Kutoka Rukwa hadi Dodoma kwa mwendo wa ndege ni kama kilomita 500. Hadi Dar es Salaam ni zaidi ya 800. Ukubwa wa 7.4 hutoa nguvu karibu mara nane chini ya ule wa 8.0, kwa hiyo sitabiri Mexico ya pili. Nasema tu kwamba lile la mwaka 2005 lilikuwa dogo kuliko la Rukwa na liliwashusha watu ngazi Nairobi, na kwamba mabonde ya Dar, Msimbazi likiwamo, yamejaa mchanga na mfinyanzi wa mto, wala si mwamba.

Ninachoomba si cha Wajapani wenye fedha zao, ingawa njia yenyewe ilitangazwa na Mjapani, Yutaka Nakamura, mwaka 1989. Unachukua kifaa kimoja kidogo kinachopima mtikisiko wa pande tatu, unakiweka chini, unasubiri kama nusu saa. Hakihitaji tetemeko. Kelele za daladala, bodaboda na mawimbi ya bahari zinatosha kuutikisa udongo, na ukilinganisha mtikisiko wa ubavu na wa wima unapata makadirio ya mwendo wa udongo wenyewe. Wanafunzi wachache wa jiofizikia na kifaa kimoja wanaweza kuzunguka Kariakoo, Upanga, Jangwani na Kigamboni ndani ya likizo moja. Ramani inayotoka hapo ingewekwa mezani kwa kila anayetoa kibali cha ghorofa. Kenya ilikuwa na mwongozo wa majengo na matetemeko tangu 1973, lakini mwongozo bila vipimo vya udongo wa mtaa ni kama dozi bila uzito wa mgonjwa.

Na wenzangu wa vyumba vya habari, namba moja na umbali wa kitovu havitoshi. Ulizeni kina. Ulizeni ukali, yaani nguvu ya mtikisiko pale mtu alipo, ulipimwaje mtaa kwa mtaa, kwa sababu ukubwa ni mmoja kwa tetemeko zima lakini ukali ni tofauti Bukoba, tofauti Mwanza, tofauti ghorofa ya saba na getini. Aliyeandika kwamba Dar "haikuathirika" usiku ule alimhoji mlinzi peke yake.

Kitu kimoja mtu anaweza kukifanya mwenyewe bila wizara. Mtikisiko wa kwanza ukija, ule mwepesi kama mgongano, anza kuhesabu sekunde hadi utakapokuja wa pili wenye kuyumbisha. Zidisha kwa nane. Hizo ndizo kilomita, kwa makadirio, hadi kiini. Usiku ule Upanga, kwa umbali tuliokuwa nao, nafasi hiyo ilikuwa kama sekunde kumi. Sikuhesabu, nilikuwa natafuta ndala.

Binamu hajaishusha ile taa. Anasema ndicho kipimo chake. Mwezi uliopita niliisukuma kwa kidole nikaipima kwa saa ya simu: kwenda na kurudi mara kumi, sekunde 16, kwa waya wa sentimita 60 na kitu. Ya jengo nilimuuliza msimamizi. Akafungua kabati, akatoa faili la pampu ya maji na risiti za lifti, akaahidi kuendelea kutafuta.